Wakili Upande wa Pili wa Mpaka: Baraza la Wanachama na Biashara ya Majirani Afrika Mashariki

Utangulizi

Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, ikiwa na umri wa miaka kumi tu. Mashirika ya ndege, reli, bandari na posta yaliyokuwa mali ya nchi tatu yaligawanywa vipande, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983. Viongozi walipokutana Arusha tarehe 30 Novemba 1999 kutia saini Mkataba mpya, waliandika katika utangulizi wake sababu zilizoiua Jumuiya ya awali. Utashi dhaifu wa kisiasa umetajwa. Mgawanyo wa faida usio sawa umetajwa. Na imetajwa sababu nyingine ambayo husahaulika upesi: sekta binafsi na asasi za kiraia hazikushirikishwa ipasavyo.

Mpaka ulipofungwa, hapakuwa na chama cha pamoja cha wafanyabiashara chenye nguvu ya kusimama Nairobi kumtetea muuzaji wa Moshi, au kusimama Dar es Salaam kumtetea mwenye kiwanda wa Thika. Kila mmoja alibaki na serikali yake.

Mada hii ya semina ya vyama vya wafanyabiashara inahusu chombo kilichoundwa kuziba pengo hilo: Baraza la Biashara la Afrika Mashariki, maarufu kwa kifupi chake EABC, lenye makao makuu Arusha. Lilianzishwa mwaka 1997, miaka miwili kabla ya Mkataba kutiwa saini. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kikwazo cha mpakani huondoka haraka zaidi pale kinapopigiwa kelele na wafanyabiashara wa nchi iliyokiweka. Kazi kubwa ya baraza la wanachama, kwa hiyo, ni kumpatia kila mfanyabiashara wakili upande wa pili wa mpaka.

Nani yumo barazani

Nguzo za baraza ni vyama vya kitaifa. Kutoka Kenya wamo KEPSA, ambao ni mwavuli wa sekta binafsi, na KAM, chama cha wenye viwanda. Tanzania inawakilishwa na Taasisi ya Sekta Binafsi, TPSF, na Shirikisho la Wenye Viwanda, CTI. Uganda ina PSFU na UMA. Rwanda ina Shirikisho lake la Sekta Binafsi. Burundi ina Chemba yake ya Biashara na Viwanda. Kampuni mojamoja nazo hujiunga na kulipa ada.

Mkataba wenyewe uliacha mlango wazi. Ibara ya 7 inasema Jumuiya itakuwa ya watu na itaongozwa na soko, na Ibara ya 127 hadi ya 129 zinazibana nchi wanachama kuweka mazingira mazuri kwa sekta binafsi na kushirikiana na vyama vya biashara. Baraza lina hadhi ya mwangalizi katika vyombo vya Jumuiya: huingia vikaoni, hutoa hoja, huwasilisha maandiko, lakini halipigi kura. Uzito wake unategemea ubora wa hoja na umoja wa wanachama walio nyuma yake.

Ukaribu wa baraza na Jumuiya ulionekana mwaka 2021, Peter Mathuki alipotoka kwenye uongozi wa baraza hilo na kuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya. Mtu aliyezoea kupeleka malalamiko ya wafanyabiashara sasa ndiye aliyekuwa akiyapokea.

Safari ya lalamiko

Umoja wa Forodha ulianza kazi Januari 2005. Kwa kuwa viwanda vya Kenya vilikuwa vimetangulia, baadhi ya bidhaa zake ziliendelea kutozwa ushuru zikiingia Tanzania na Uganda, ushuru uliopungua mwaka hadi mwaka mpaka ukaisha mwaka 2010. Tangu hapo bidhaa yenye uasili wa Afrika Mashariki haipaswi kulipa ushuru wa forodha inapovuka mpaka wa ndani.

Kilichobaki ni vikwazo visivyo vya kiforodha, na hivyo havikosi ubunifu. Bidhaa yenye alama ya ubora ya shirika la viwango la nchi moja hupimwa upya ng'ambo. Cheti cha uasili hutiliwa shaka. Ada mpya huzuka katika idara ambayo haikuwapo mpakani mwezi uliopita. Lori hulala siku tatu, dereva anakula posho, mteja anapiga simu, nyanya zinaoza.

Hapo ndipo mwanachama wa chama hutofautiana na mtu anayelalamika hotelini. Lalamiko linalofika mbali lina jina la bidhaa, jina la mpaka, tarehe, idara iliyozuia, nakala ya risiti au barua, na hesabu ya hasara kwa shilingi. Likiwa hivyo, huingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki unaotumiwa kwa pamoja na Jumuiya na jumuiya jirani za kikanda, COMESA na SADC, likapewa namba, kisha likapelekwa kwa kamati ya kitaifa ya nchi inayolalamikiwa. Tangu mwaka 2017 ipo pia sheria ya Jumuiya ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha.

Mfano wa Kenya na Tanzania unaonyesha faida na ugumu wa kazi hiyo. Baada ya ziara ya Rais Samia Suluhu Hassan mjini Nairobi Mei 2021, wataalamu wa nchi hizo walishughulikia orodha ya vikwazo 64. Kufikia Desemba mwaka huo, 46 vilikuwa vimetatuliwa. Rais William Ruto alipofika Dar es Salaam Oktoba 2022, viongozi walitangaza kwamba vikwazo 54 kati ya 68 vimeondolewa na 14 vimebaki. Namba hizo zinastahili kusomwa kwa makini. Vilivyoondolewa viliongezeka, na orodha nayo ilirefuka kutoka 64 hadi 68. Kikwazo kimoja kikifa kingine huota, ndiyo maana ziara za marais peke yake hazitoshi. Anahitajika mlinzi wa kudumu asiyesubiri dhifa ya kitaifa.

Siku tano za mahindi

Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya chakula na kilimo ya Kenya iliandika barua kuzuia mahindi ya Tanzania na Uganda kuingia nchini humo, kwa sababu ya sumukuvu. Malori yaliyokuwa njiani yalikwama. Tarehe 10 Machi wizara ya kilimo ikatangaza kulegeza zuio kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, kila shehena iwe na cheti cha uasili, na iwe na cheti kinachothibitisha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Sumukuvu ni jambo la hatari na lilishaua watu, kwa hiyo hakuna chama makini kinachoweza kudai mahindi yapite bila kupimwa. Lakini Kenya hula mahindi mengi kuliko inayovuna karibu kila mwaka. Mwenye kinu wa Nairobi anayahitaji mahindi ya Mbale na Songea kama vile mkulima wa huko anavyomhitaji mwenye kinu. Katika shauri kama hilo, barua ya mkulima wa Songea kwa waziri wa Kenya ni barua ya mgeni. Barua ya mwenye kinu ni ya mlipa kodi anayeajiri watu na anayejulikana wizarani.

Funzo la pili la siku zile tano ni kwamba masharti yaliyotolewa baadaye yangeweza kukubaliwa miezi mingi mapema. Kukausha mahindi vizuri, kupima ghalani kabla ya kupakia, na kutambua vyeti vya maabara ya jirani ni mambo ambayo wasagishaji, wasafirishaji na wakulima wanaweza kuyapangia utaratibu wakiwa mezani pamoja, bila barua ya dharura.

Mchele ndio kipimo

Kutetea kinachomfaidi kila mtu ni rahisi. Kipimo halisi cha baraza ni pale wanachama wake wanapovutana, na mchele ni mfano ulio wazi.

Katika ushuru wa pamoja wa forodha, mchele kutoka nje ya Jumuiya umewekwa kwenye orodha ya bidhaa nyeti na hutozwa asilimia 75. Shabaha ni kumlinda mkulima wa Kyela, Kahama na Mwea. Hata hivyo Kenya, ambayo mavuno yake hayawatoshi walaji wake, imekuwa ikiomba ruhusa ya kutoza kiwango cha chini, na kwa miaka mingi mchele wa Pakistan umeingia Mombasa kwa ushuru wa asilimia 35. Mkulima wa Tanzania analiona soko lake la asili likichukuliwa na mtu wa mbali. Mlaji wa Nairobi anaona sahani yake ikipata nafuu. Wote wawili wana hoja, na wafanyabiashara wa pande zote mbili wamo ndani ya baraza lilelile.

Kila mwaka nchi wanachama huomba ruhusa za namna hii kwa bidhaa nyingi, na zikikubaliwa huchapishwa kwenye gazeti rasmi la Jumuiya mwishoni mwa Juni. Vyama navyo vimezoea kukimbilia kila kimoja kwa waziri wake wa fedha. Matokeo yake ni ushuru wa pamoja uliotobolewa matundu, ambapo mwekezaji hajui mwakani atashindana na nani.

Upo ushahidi kwamba njia nyingine inawezekana. Kwa miaka kadhaa nchi zilibishana juu ya kiwango cha juu cha ushuru kwa bidhaa zilizokamilika, ambacho kilikuwa asilimia 25. Baraza lilitetea asilimia 35, na kiwango hicho ndicho kilichoanza kutumika Julai 2022 kwa baadhi ya bidhaa hizo. Wenye viwanda wa nchi tofauti walisema kauli moja, na kauli hiyo ikasikika.

Mahali nguvu ya baraza inapoishia

Mada hii ingekuwa ya upande mmoja kama ingeficha udhaifu. Rwanda ilifunga mpaka wa Gatuna Februari 2019 katika mzozo wake na Uganda, na haukufunguliwa hadi Januari 2022. Wafanyabiashara wa pande zote mbili walipoteza wateja waliowajenga kwa miaka, na hakuna chama kilichokuwa na ufunguo. Goma, mashariki mwa Kongo, ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, benki zilifungwa na biashara ya mji mzima ikayumba. Masuala ya usalama yana meza yake, na baraza halikualikwa huko.

Upo pia ugomvi unaoanzia ndani ya soko. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo kutengeneza simu, uwakala wa fedha za mitandao na uongozaji watalii. Kenya ililalamika kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya imekiukwa. Nyuma ya amri hiyo kulikuwa na kilio cha muda mrefu cha wafanyabiashara wa Kariakoo dhidi ya wageni, hasa Wachina, katika biashara ndogondogo. Mgeni kutoka mbali na jirani kutoka Kajiado wakakutwa kwenye kapu moja. Swali linalowahusu washiriki wa semina hii ni hili: kilio cha Kariakoo kiliwahi kufikishwa lini kwenye meza ya baraza la kikanda, kikajadiliwa na Wakenya wakiwapo?

Walio nje ya mlango

Kati ya Rubavu, upande wa Rwanda, na Goma, upande wa Kongo, kipo kivuko cha miguu ambacho kabla ya UVIKO-19 kilipitisha makumi ya maelfu ya watu kwa siku. Wengi ni wanawake wenye ndoo za nyanya, mafungu ya vitunguu na kuku waliofungwa miguu. Kiswahili ndicho lugha ya kupatana bei. Uvukaji kwa miguu ulipositishwa mwaka 2020, wanawake hao walijiunga katika vikundi, wakachanga nauli ya gari na kupakia mizigo yao pamoja ili biashara isife. Walijenga uanachama wao bila ofisi wala kadi.

Jumuiya ina utaratibu rahisi kwa watu kama hao: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, ulio kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, hupita kwa cheti chepesi cha uasili kinachotolewa na forodha palepale mpakani. Anayekijua cheti hicho anapita njia kuu. Asiyekijua hupita njia za panya, akakutana na wa kumdai chochote.

Vikundi hivi haviko kwenye baraza isipokuwa kwa mbali sana, kupitia chama cha kitaifa ambacho huenda hakina hata tawi mpakani. Nyaraka nazo ziko kwa Kiingereza, ingawa wakuu wa nchi waliridhia Kiswahili na Kifaransa kuwa lugha rasmi za Jumuiya mwaka 2021. Kwa kuwa Kongo na Somalia sasa ni wanachama wa Jumuiya, pengo hili litapanuka lisipozibwa.

Mapendekezo

Kwanza, kila bidhaa yenye mvutano iwe na meza yake ya majirani. Wakulima wa mpunga, wenye vinu na waagizaji wa Kenya na Tanzania wakae kila Januari, miezi kadhaa kabla ya mawaziri wa fedha kushauriana juu ya bajeti, wakubaliane kiasi cha upungufu na nani apewe nafasi ya kwanza kuuziba.

Pili, baraza litoe fomu moja ya lalamiko kwa Kiswahili na Kifaransa, ya ukurasa mmoja, inayojazwa kwa simu, na kila chama cha kitaifa kiwe na mtu mmoja anayewajibika kuifuatilia hadi jibu lipatikane.

Tatu, liwepo daraja la uanachama la vikundi vya mpakani, kuanzia Namanga, Busia, Mutukula, Rusumo na Rubavu, kwa ada ndogo inayolipika kwa simu na haki kamili ya kupeleka hoja.

Nne, kila mwaka ichapishwe orodha ya vikwazo vilivyoondolewa, vilivyobaki na vilivyozaliwa upya, nchi kwa nchi.

Kwa ajili ya kazi ya vikundi mchana huu, kila chama cha kitaifa kinaombwa kuchagua kikwazo kimoja kilichowekwa na serikali ya nchi yake mwenyewe dhidi ya jirani, kitaje waziri anayehusika, na kieleze hatua kitakazochukua katika siku 90 zijazo kukiondoa. Vyama vya nchi zinazoathirika vitatoa ushahidi wa hasara. Majibu yatasomwa jioni mbele ya washiriki wote.