Hotuba Yetu kwa Ndugu wa Igawa: Askofu Steere na Wenye Lugha



Tumewaletea salamu za Visiwani, nanyi mmetupokea kwa ukarimu kando ya Mto Mbarali. Sisi watu wa bahari, ninyi wa nyanda za juu, twasemezana bila mkalimani. Basi na tuulize: lugha hii ni mali ya nani?

Edward Steere, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1828, alifika Unguja mwaka 1864. Alisomea sheria, lakini mikono yake ilikuwa ya fundi. Alisimamisha mtambo wa kupiga chapa, na vijana waliotolewa utumwani wakafunzwa kupanga herufi. Mwaka 1870 vilitoka vitabu vyake viwili: kimoja cha sarufi ya lugha ya Unguja, cha pili cha hadithi, zikiwamo za Punda wa Dobi na Mwalimu Goso.

Soko la watumwa la Mkunazini lilipofungwa mwaka 1873, hapo hapo kanisa lilianza kujengwa. Wazo lilikuwa lake, mchoro wa Charles Hayward, na kazi akaisimamia mwenyewe. Paa lake, la saruji na matumbawe yaliyopondwa, lingali limesimama. Alifariki mwaka 1882, akazikwa humo humo, nyuma ya madhabahu.

Hatukuja kuhubiri dini ya mtu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Steere alifanya kazi kubwa. Lakini haki hiyo hiyo wapeni na wengine. Lugha hakuitunga, aliikuta. Hadithi zilisimuliwa na wenyeji wa Unguja, na kitabu chenyewe chakiri hivyo. Hata hivyo jina linalokumbukwa ni moja tu. Waashi waliobeba mawe, nani awataja?

Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Uamuzi ulikuwa wa watawala, wasemaji hawakuulizwa.

Kwa hiyo twasema: lugha ni ya anayeisema. Mkulima wa mpunga wa Igawa ana haki nayo sawasawa na mvuvi wa Unguja. Andikeni habari zenu wenyewe, na msimulizi atajwe kwa jina lake. Anayewaachia wengine kalamu asishangae kukuta jina lake halimo kitabuni.