SAFARI YA UNGUJA KUTAZAMA SINEMA

Maneno haya yalisemwa mbele ya wazee na wazazi wa Msambweni.



Nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengine huliona kuwa ni upuuzi: mtu kumchukua mkewe na watoto wake kutoka Kwale mpaka Unguja, ili wakatazame sinema. Wengine husema ya kwamba fedha ya nazi na samaki haipatikani kwa mchezo. Neno hilo ni la kweli. Lakini nisikilizeni kwanza, ndipo mtoe hukumu.

Zamani sinema ndiyo iliyosafiri. Kati ya mwaka 1935 na 1937 zilitengenezwa filamu fupi huko Vugiri, katika milima ya Usambara, zipatazo 35. Lori lilizunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi nyingine, watu wakatazama usiku uwanjani. Zilifundisha habari za safura, kilimo na kuweka akiba posta. Wachezaji walikuwa Waafrika, lakini shauri la nini kionyeshwe lilikuwa la Wazungu.

Siku hizi mambo yamegeuka. Mwaka 1998 lilifanyika mara ya kwanza Tamasha la Filamu la Zanzibar, liitwalo pia Tamasha la Nchi za Jahazi. Nchi hizo ni zile zilizounganishwa na pepo za kaskazi na kusi: pwani yetu, Arabuni, Uajemi, Bara Hindi na visiwa. Basi watu wa Vanga, Shimoni na Gazi wamo. Kwa miaka mingi filamu zimeonyeshwa ndani ya Ngome Kongwe, karibu na Forodhani, watu wakikaa pamoja mahali pa wazi usiku. Filamu iliyo bora hupewa Jahazi la Dhahabu.

Mtu ataniuliza, "Je, sinema si zimo katika simu?" Naam, zimo. Lakini simu hutazamwa na mmoja mmoja, kila mtu pembeni pake. Wanaotazama pamoja hupata la kuzungumza, na yako mambo ambayo baba na binti yake hawathubutu kuyaanza wenyewe.

Mathalani, filamu ya Vuta N'Kuvute ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Amil Shivji kwa kufuata kitabu cha Adam Shafi, yaeleza habari za Yasmin, msichana wa Unguja aliyeozwa mume asiyemtaka, akamkimbia. Filamu ya Supa Modo ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina wa Kenya, ni ya mtoto mgonjwa asiyetumainiwa kupona: mama yake ataka akae kitandani, dada yake ataka afurahi kabla ya siku zake kwisha. Ni nani kati yetu ambaye mambo haya hayajabisha hodi mlangoni pake? Lililo gumu kusemwa juu ya nyumba yetu laweza kusemwa kwanza juu ya nyumba ya Yasmin.

Kwa sababu hiyo haifai baba kwenda peke yake na kuwaacha mama na mabinti nyumbani. Atakaporudi atakuwa na hadithi, lakini hatakuwa na mtu wa kuijadili naye.

Sasa mashauri machache. Kwanza, kila mtu, hata mtoto, awe na pasipoti au hati ya kusafiria kabla ya kulipa nauli, maana mtavuka mpaka Lunga Lunga na kuingia Horohoro, mpite Tanga, mfike Dar es Salaam, na huko mpande boti. Pili, ulizeni tarehe mapema. Miaka ya karibuni tamasha limekuwa kati ya Juni na Agosti. Tatu, chagueni filamu kwa umri, kwani si zote ziwafaazo watoto. Nne, msikope wala msiuze mbuzi. Wekeni kibubu nyumbani, kila mtu atie chake, na ikiwa mwaka huu hakikujaa, ngojeni mwaka ujao.

Wazee wetu walifuata kusi na kaskazi kutafuta mali na elimu, wala hawakuitwa wapuuzi. Atakayekwenda na aende na jamaa yake. Na akirudi, amwulize binti yake aliyoyaona, kisha anyamaze amsikilize.