Dawa ya yaya yako si yako

Hapa Karavia dawa inazunguka lupango nzima. Mama mmoja aliniuliza: "Yaya alikunywa tamoksifeni, uvimbe wa ziwa ukapungua. Miye nilikunywa zile zile zake, juu ya nini wangu unakomaa?" Ulizo nzuri.

Kansere inaanza pale jeni, maagizo ya ndani ya chembe za mwili, zinapoharibika. Lakini haziharibiki namna moja kwa kila mama. Kansere ingine inalishwa na homoni za mwanamke: tamoksifeni inafunga ule mlango. Ingine haina mlango ule kabisa, unakunywa bure. Ingine jeni ya HER2 imezidi hesabu, inakua mbio. Dawa yake ni trastuzumabu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998, na bei yake, wamama, ni kali. Tena kansere iliyosikia dawa miaka mingi inaweza kubadilisha jeni, mlango ukabaki wazi hata bila homoni.

Kwa macho hatujui, hata sisi wauguzi. Ndiyo maana munganga anatoa kipande kwa sindano, kinaenda labo. Eti sindano inatawanya ugonjwa? Wengi wanakimbia kwa neno hilo, kumbe bila kipande dawa ni kubahatisha. Uliza: "Kipande changu kimeonyesha nini?" Na wewe unayenyonyesha, uvimbe usipopotea, usingoje mtoto aache ziwa. Kuja tuuone.