Fundisho la Treni za Kuchezea

(Maneno ya mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Nilipoalikwa kusema machache, pengine mlitazamia niseme juu ya kazi za serikali. Niwieni radhi. Nitaanza na vitu vya kuchezea, yaani treni ndogo, na viwanda vilivyozitengeneza.

Mwaka 1859, katika mji wa Göppingen, Ujerumani, fundi bati aitwaye Theodor Friedrich Wilhelm Märklin alianza kutengeneza vyombo vidogo vya jikoni kwa ajili ya nyumba za wanasesere. Mkewe, Caroline, ndiye aliyesafiri kuviuza. Mwaka 1866 fundi yule alifariki. Mjane hakufunga karakana. Aliishikilia kwa taabu nyingi, mpaka wanawe walipoichukua mwaka 1888.

Siku zile treni za kuchezea zilikuwapo, lakini kila fundi alifuata kipimo chake. Behewa la huyu halikupita kwenye reli ya yule. Mwaka 1891, kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig, ndugu hao walileta treni ya kutiwa ufunguo kama saa, pamoja na reli za kuunganishwa vipande vipande, zenye upana uliowekwa na kupewa namba. Viwanda vingine vikaufuata. Tangu hapo mzazi asiyemudu kununua vyote kwa mara moja aliweza kununua behewa mwaka huu na kipande cha reli mwaka ujao, na vyote vikaingiana.

Kule Liverpool, Uingereza, karani mmoja, Frank Hornby, aliwatengenezea wanawe vipande vya chuma vyenye matundu yaliyoachana kwa umbali ule ule. Aliandikisha uvumbuzi huo mwaka 1901, ukaja kuitwa Meccano. Mwaka 1920 alianza kuuza treni, nazo zilifungwa kwa bolti na nati vivyo hivyo.

Viwanda hivyo havikukosa misukosuko. Kampuni ya Hornby iliuzwa mwaka 1964, na walioinunua wakaanguka mwaka 1971. Märklin nayo ilifilisika mwaka 2009, ikiwa imetimiza miaka 150, kisha mwaka 2013 ikapata wenyewe wapya. Lakini upana wa milimita 16.5, ambao Märklin iliutoa mwaka 1935, unatumika hata leo. Wenye mali wamebadilika, kipimo kimebaki.

Sasa nirudi kwenye kazi yangu. Miaka kadhaa iliyopita tulinunua pampu za maji kwa vijiji vitatu. Mbili zilikuwa za aina moja. Ya tatu ilikuwa ya aina nyingine, kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu kidogo. Ilipoharibika, kijiji kile kilirudi kuchota maji mtoni kwa wiki saba, na huku ghala letu limejaa vipuri vya zile mbili. Sahihi iliyoidhinisha pampu ile ilikuwa yangu.

Vijana, baadhi yenu mtakalia viti kama changu. Mtakapoletewa karatasi ya kutia sahihi, msiulize bei peke yake. Ulizeni pia: je, kitu hiki kitaingiana na vile tulivyo navyo? Mimi sikuuliza.