Nguo Nyepesi ya Pamba ni Mali Yetu



Sisi mafundi wa cherehani tumeombwa tuseme habari za nguo zifaazo wakati wa joto. Tutasema kwa ufupi, maana jua la leo limekwisha kusema mengi.

Kila siku twaletewa vitambaa vya polista tushone sare za watoto. Vyang'aa, havikunjamani, na bei yake ni ndogo. Lakini polista hainywi jasho. Mtoto akikaa darasani saa nane mchana, nguo humganda mgongoni. Pamba hulinywa jasho, upepo ukalikausha, na mwili ukapoa. Ikifumwa kwa uzi mwembamba usiobanana, kama melimeli, hewa hupita vizuri zaidi.

Wazee wetu walilijua hilo. Katika karne ya 19 walinunua kitambaa cha pamba kilichotoka Marekani, wakakiita marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, tangu 1861 hata 1865, vilipopunguza shehena, nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikashika nafasi yake. Hapo pana fundisho: avaaye nguo ya mwenziwe huvaa na misukosuko ya mwenziwe.

Je, sisi hatuna pamba? Twailima Mwanza, Shinyanga na Simiyu. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, kikafuma kanga na vitenge. Hata hivyo, mpaka leo sehemu kubwa ya pamba yetu huuzwa nje ikiwa imechambuliwa tu, haijasokotwa uzi. Mkulima hupata bei ya pamba ghafi. Faida ya kusokota, kufuma na kutia rangi hubaki ng'ambo.

Basi tufanyeje? Kwanza, tujue tununuacho. Chomoa uzi pembeni mwa kitambaa, uuchome. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Wa polista huyeyuka ukawa kidonge kigumu.

Pili, wazazi na walimu wapatane kwamba sare za shule ziwe za pamba. Tunajua kitambaa chake ni ghali zaidi. Kwa hiyo sisi mafundi tumekubaliana kupunguza ujira wetu kwa kila sare ya pamba tutakayoletewa. Huo ndio mchango wetu. Nanyi leteni wenu.