MKEKA USIFUATE NGUO YA UFIPA

(Mazungumzo mbele ya wanachama wa ushirika, Kilindoni)



Nimeombwa niseme juu ya mikeka yetu, lakini nitaanzia mbali, Ufipa, nyanda za juu kule Rukwa. Wazee wa huko walisokota pamba kwa mkono, wakafuma nguo nzito za kujitanda. Wala si wao tu. Hapa jirani Kilwa, wachimbuaji wa magofu wamekuta vigae vya mviringo vyenye tundu katikati, vilivyotiwa kwenye kijiti cha kusokotea pamba zamani hizo.

Basi zimekwenda wapi nguo zile? Mwaka 1833 Seyyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani. Merikebu za mji wa Salem zikaleta kitambaa cha mashine, ndiyo ile amerikani, na wapagazi wakakifikisha bara. Kilikuwa rahisi, nguo ya mfumaji ilikula siku nyingi. Wafumaji walipungua kidogo kidogo. Kijana akiona kazi hailipi, hajifunzi.

Sasa mkeka wa plastiki umejaa madukani. Kwa bei hatuuwezi, tusidanganyane. Hebu hesabuni: kukata ukindu, kuanika, kuchana, kuchovya rangi, kusuka ukili pima kwa pima, halafu kushona. Mama akimaliza, mchuuzi huyo uani: "Jirani yako kaniuzia chini ya hapo." Akitoka, anakwenda kwa jirani na maneno yale yale! Jamani, binti gani akiyaona haya atataka kusuka?

Pendekezo langu: mikeka ipimwe hapa ofisini mbele ya wote, bei iandikwe ubaoni. Ukili mwembamba uliobana uwe na bei yake, mpana bei yake. Mchuuzi aje hapa, asizunguke majumbani. Ukili wa haraka haraka wenye mianya tusiupokee, hata ukiwa wa mke wa mwenyekiti.

Na wakataji nao: yale majani machanga ya katikati, yasiyofunguka bado, msiyamalize kwenye mkindu mmoja. Mti ukichoka, mwakani tutautafuta ukindu mbali zaidi, na safari hiyo mchuuzi hailipi.

Wenye mikeka tayari waje nayo Jumamosi asubuhi. Kamba ya kupimia ipo. Anatakiwa mtu mmoja mwenye mwandiko unaosomeka.