Baada ya Kidato cha Nne: Chuo Kikuu, Ufundi au Kazi?

Maneno haya yalitayarishwa kwa wazazi na vijana waliokamilisha kidato cha nne katika Kaunti ya Kericho.

 

Matokeo ya KCSE yanapotoka, kila boma lenye mtahiniwa huwa na kikao. Mzazi anataka chuo kikuu. Kijana amechoka na vitabu, au anaogopa kuuliza karo itatoka wapi, kwa hivyo anasema atatafuta kazi kwanza. Mjomba naye ana mtu anayemfahamu Nairobi. Kikao kinavunjika bila yeyote kuandika hesabu hata moja kwenye karatasi.

Kijana akisema atafanya kazi kwanza, aulizwe: kazi gani? Kwa miaka mingi hapa Kericho na kwa jirani zetu wa Bomet jibu lilikuwa rahisi. Aliyekosa karo aliingia katika mashamba makubwa, akachuma majani chai na kulipwa kwa kilo. Wengine walichuma mwaka mmoja, wakaweka akiba, kisha wakaenda chuoni. Njia hiyo imekuwa nyembamba. Mwaka wa 2023 jopokazi la kaunti liliripoti kuwa takriban nafasi 30,000 za kazi zilikuwa zimepotea Kericho, Bomet na Nandi katika miaka 10 kwa sababu ya mashine za kuchuma chai. Mei mwaka huo hasira ilifika barabarani, mashine zikachomwa na maisha yakapotea. Mashine bado zipo.

Lakini mashine haijitengenezi. Kiwanda cha chai kinataka fundi wa umeme, welda, fundi mitambo na mtu anayejua boila. Hizo ni kazi za mtu aliyefunzwa, na mafunzo yake si lazima yaanzie chuo kikuu. Katiba ya 2010 iliipa kaunti jukumu la vyuo vya ufundi vya vijijini, na aliyejifunzia kazi gereji anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, kuanzia gredi ya 3 hadi ya 1. Fundi mwenye cheti na fundi asiye nacho huenda wakawa na mkono sawa, ila katika ofisi ya kuajiri hawatazamwi sawa.

Tuseme binti wa Litein amepata C+, alama ya chini kabisa ya kuingia chuo kikuu. Nyumbani kuna nusu ekari ya chai, na wadogo zake wawili wako sekondari. Ameitwa kusomea shahada ambayo hakuichagua kwa moyo, mbali na nyumbani. Wazazi wanafikiria kuuza ng'ombe na kungoja bonasi ya Oktoba. Kila mkulima hapa anajua bonasi hiyo inavyoweza kushuka. Ng'ombe akiuzwa atalipa muhula wa kwanza. Wa tatu utalipwa na nini?

Familia hiyo bado ina nafasi ya kupumua. KUCCPS hupanga wanafunzi wa shahada, stashahada na vyeti pia, na huwa na kipindi cha kuomba kuhamia kozi au chuo kingine. Chuo Kikuu cha Kabianga kiko hapa hapa Kericho, na gharama ya kulala na kula mbali na nyumbani si ndogo. Mwenye stashahada nzuri anaweza baadaye kuomba shahada, hata kama ni baada ya kufanya kazi miaka kadhaa. Kusema kweli, stashahada iliyokamilika ni bora kuliko shahada iliyokwama mwaka wa pili kwa kukosa karo. Jambo hili halisemwi katika harambee.

Tangu 2023 mchango wa mzazi unategemea gharama ya kozi na hali ya familia, kwa hivyo karo aliyolipa jirani miaka ya nyuma isitumiwe kama kipimo. Pesa za HELB nazo ni deni. Hulipwa na riba, na anayekaa kimya baada ya muda wa kulipa kufika hutozwa faini juu yake. Hilo si sababu ya kuogopa mkopo. Ni sababu ya mzazi na mwana kusoma masharti pamoja kabla ya kutia sahihi.

Kwa yule aliyeitwa na ambaye kweli lazima afanye kazi kwanza, kosa kubwa ni kutoripoti na kunyamaza. Vyuo vikuu hupokea maombi ya kuahirisha masomo. Barua huandikwa kwa msajili, sababu zikielezwa wazi. Ipelekwe kabla ya tarehe ya kuripoti kupita, jibu lingojewe kwa maandishi, na nakala iwekwe nyumbani pamoja na matokeo.